Wizi Uliobeba Hadi Meza

Mwizi gani anaiba meza?

Inspekta aliliuliza hilo kwa sauti, amesimama katikati ya duka la kushona nguo ambalo asubuhi hiyo halikuwa na cherehani hata moja. Hata moja! Jana jioni zilikuwa sita. Leo sakafu nyeupe pe, imebaki na vipande vya nyuzi za kila rangi na alama za duara pale miguu ya meza ilipokaa miaka na miaka.

"Kila kitu kina mteja, afande," alijibu Koplo, mwanamume mkubwa kama mlango, aliyekuja naye kutoka kituoni. "Meza ni mbao."

"Meza ya cherehani ina tundu katikati, Koplo. Ukinunua wewe, sahani utaiweka wapi?"



Huyu Inspekta, kama ndiyo kwanza mnakutana naye, ni mwanamke mfupi, mpole, anayeongea kama anabembeleza mtoto alale. Kituoni wanamwita Pole, kwa sababu hajawahi kumfunga mtu pingu bila kumpa pole kwanza. Ukisikia Inspekta anakupa pole na wewe hujafiwa, tafuta wakili.

Akainama, akapitisha kidole kwenye mwimo wa mlango. Kufuli halikuvunjwa. Bawaba nzima. Kwenye rafu kulikuwa na majora ya vitambaa vya suti, vile vizito vya bei mbaya. Havikuguswa. Pasi ya umeme ipo. Mkasi mkubwa wa chuma upo, unaning'inia kwenye msumari wake.

"Sikiliza, Koplo. Kichwa cha cherehani unakitoa kwenye meza kwa kufungua mkanda tu, unakikumbatia, unaondoka. Chenye soko ni kichwa. Mwizi mwenye akili angebeba vichwa na majora, akaacha meza. Huyu kaacha majora, akahangaika na meza mpaka ya mwisho. Kwa nini?"

"Mjinga?"

"Au hakutaka mali. Alitaka duka lionekane hivi linavyoonekana."

Mwenye duka alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, na yeye mwenyewe aliitika hivyo. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi wa viatu, na magoti yake alikuwa ameyafunga bandeji juu ya soksi.

"Pole na mkasa, mama," Inspekta alisema, akakaa karibu naye. Koplo alishtuka kidogo, akatazama pingu zake, akakumbuka kwamba pole nyingine huwa ni pole tu.

"Afande, kabla hujauliza nani kaiba, uliza kwa nini leo," Mama Cherehani alisema. "Asubuhi nafungua mlango, nakuta hivi. Nikashika kichwa. Sijashusha mikono, huyo Meneja wa jengo kaingia. Na hakuja peke yake, kaja na mwenye jengo! Mwenye jengo mwenyewe, ambaye mwaka unaisha hatujui hata kama bado ana meno! Leo kaja. Katazama kulia, katazama kushoto. Meneja akamwambia, unaona mzee, si nilikwambia?"

"Aliona nini?"

"Duka la kushona lisilo na cherehani. Mkataba wangu, afande, unasema fremu hii, chumba hiki cha duka, ni ya ushonaji, yangu mimi. Nisimpangishe mtu kipande. Nisimhamishie mtu bila ruhusa yao. Na shughuli yangu ikitoka humu ndani, basi nimeliachia, wanalichukua. Meneja kanipa mpaka alasiri nijieleze, la sivyo anafunga kufuli lake."

"Kwa hiyo kama zimeibwa..."

"Kama zimeibwa, mimi ni mpangaji aliyeibiwa, mkataba unabaki palepale. Kama nilizitoa mwenyewe, mimi si mpangaji tena. Ni hilo tu. Maisha yangu yote yako katikati ya maneno hayo mawili."

Inspekta aligeuza shingo. Ndani kabisa ya duka walisimama watu wawili. Mmoja kijana mwembamba, bisibisi tatu mfukoni, kwenye kaunta mbele yake simu zilizofunguliwa matumbo. Mwingine msichana mtu mzima, kitana kimechomekwa kwenye nywele, kiti cha saluni pembeni yake na kioo kikubwa ukutani.

"Na hawa?"

"Mafundi wangu," Mama Cherehani alisema haraka.

"Fundi wa nini, yule?"

"Wa... vifungo."

Hapo hapo, kama askari aliyesikia filimbi, yule kijana akachomoa tepu ya kupimia kutoka chini ya kaunta, akaitupia shingoni. Msichana naye akafanya hivyo hivyo. Ilikuwa vuup, vuup, mafundi wawili wa nguo wamesimama pale na tepu zao, mmoja ameshika simu isiyo na mgongo.

Koplo alikohoa ili asicheke.

"Mama," Inspekta alisema taratibu, "mimi si Meneja."

Mama Cherehani akafumba macho, akatoa pumzi.

Ukweli ulikuwa huu. Zamani alikuwa na mafundi kweli, kila cherehani na mtu wake. Kodi ikapanda. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja, kodi ikapanda tena, akabaki peke yake na cherehani sita ambazo tano zilikuwa zinakaa tu. Akampa fundi simu kona ya kulia. Akampa msusi kona ya kushoto. Kila Meneja alipokuja kukagua, wote wawili walivaa tepu, mteja wa saluni akaambiwa ajifanye anasubiri gauni, na fundi simu akakaa nyuma ya cherehani akikanyaga hewa.

"Na Meneja akaamini?"

"Hakuamini hata siku moja," fundi simu alidakia. "Lakini angethibitishaje? Cherehani anaziona sita, watu anawaona watatu wana tepu. Angesema nini, hatushoni vizuri?"

Inspekta akatikisa kichwa polepole. Sasa lilikuwa limemwingia. Cherehani hazikuwa mali ya duka hili. Zilikuwa vazi lake. Mtu kalivua nguo duka, asubuhi ile ile mwenye jengo alipokuwa anakuja kulitazama.

"Funguo za mlango ziko ngapi?"

"Tatu," Mama Cherehani alisema, akiwaonyesha wale wawili kwa kidole. "Wangu, wake, na wake."

Basi! Wote watatu wakatazamana, halafu wote watatu wakatazama sakafu.

* * *

Inspekta alianza na fundi simu, kwenye kaunta yake, Koplo akiwa amejiegesha ukutani na kumaliza hewa yote ya kona ile.

"Mwenye mkokoteni pale kona anasema jana ulimkodi."

Kijana alimeza mate. "Nilimkodi."

"Kubeba nini?"

"Kabati langu la vioo."

"Kwenda wapi?"

"Kwa shemeji yangu."

"Siku hiyo hiyo cherehani zinapotea, wewe unahamisha kabati. Hebu jiweke mahali pangu, ungefikiri nini?"

"Ningejikamata, afande." Alisema hivyo kwa unyonge mpaka Koplo akamhurumia. "Lakini muulizeni mwenye mkokoteni. Mkokoteni haukufika hapa mlangoni. Barabara imechimbwa, si mmepita juu ya ubao nyinyi wenyewe? Kabati tulilibeba kwa mikono mpaka kona, mtaa mzima unatuzomea. Sasa mimi nipitishe na cherehani sita juu ya ubao ule, na meza zake, nisionekane?"

Inspekta alikwenda mlangoni akatazama. Kweli. Mbele ya duka kulikuwa na handaki la mabomba, na juu yake ubao mmoja wa kupita mtu kwa zamu. Hakuna gari, hakuna mkokoteni. Alirudi akiwa ameanza kutabasamu peke yake, na Koplo aliyemjua vizuri akajua kuna kitu kimepatikana.

"Kwa nini ulihamisha kabati?"

"Nilisikia kuna ukaguzi mkubwa."

"Kwa nani?"

"Kwa dada msusi. Kaniambia, kaka, kama una kitu cha thamani humu ndani, kitoe leo."

"Na yeye alijuaje?"

"Wasusi wanajua kila kitu, afande. Ukishamshika mtu kichwa, mdomo unafunguka wenyewe."

Inspekta akalitia hilo akilini, akaendelea kana kwamba halina uzito. "Wewe unapenda kukaa hivi? Mpangaji wa mpangaji?"

"Nani anapenda? Lakini kodi ya fremu nzima naiweza mimi? Fremu moja, roho tatu, ndivyo mtaa huu wote ulivyo. Ukiona duka moja limepumua, ujue ndani wanapumua wanne." Akaokota bisibisi, akairudisha. "Mwaka jana nilimfuata Meneja, nikamwambia bwana, nipe mkataba wangu mwenyewe hata wa chumba kidogo. Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia, wewe si yule fundi wa vifungo? Nenda kashone vifungo. Sasa niseme nini? Nikisema mimi ni mpangaji, namchoma bi mkubwa. Nikinyamaza, mimi ni kivuli tu humu ndani."

"Ulimchukia bi mkubwa kwa hilo?"

"Nilimchukia Meneja, afande. Bi mkubwa alinipa ukuta wa kuegemea."

Msusi alikuwa anakusanya vitana vyake kwenye kikapu, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga safari.

"Wewe ulijuaje kuhusu ukaguzi, dada?"

"Mke wa mlinzi wa jengo ni mteja wangu."

"Cherehani unazijua?"

"Mimi?" Akacheka. "Mimi na cherehani wapi na wapi, afande? Kifungo kikinikatika nampa mama. Mimi ni mtu wa vichwa."

"Na Mama Cherehani unamuonaje?"

Hapo ndipo mikono ilisimama. Kidogo tu. "Yeye ndiye aliyenitoa nilikotoka," alisema. "Nilikuja kwake msichana mdogo, sina mbele sina nyuma. Hili kila mtu analijua."

"Basi angetaka uwe na duka lako siku moja."

"Angetaka," msusi alisema, akafunga kikapu.

* * *

"Hazijatoka kwenye jengo," Inspekta alimwambia Koplo. "Mbele kuna handaki. Kwa hiyo zimepita nyuma."

Nyuma ya duka kulikuwa na mlango wa bati, na nyuma ya mlango korido ndefu yenye harufu ya rangi na maji ya kudekia. Inspekta alipiga magoti. Hakutafuta mikwaruzo, alitafuta uchafu. Cherehani ambayo haijasafishwa tumboni inadondosha manyoya ya nyuzi kila unapoitikisa, na hizi zilitikiswa haswa: kishungi chekundu hapa, cha buluu pale, kijani pembeni ya ukuta. Walizifuata nyuzi, Koplo amewasha tochi ya simu, mpaka mwisho wa korido, kwenye fremu tupu ambayo haikuwahi kupata mpangaji kwa sababu haina dirisha.

Mlango wa zamani, umeoza chini. Kufuli jipya, linang'aa.

"Nani ana ufunguo wa huku?"

"Fremu tupu zote ni za Meneja," alisema Mama Cherehani, aliyekuwa amewafuata akijishikiza ukutani. Fundi simu na msusi walikuwa nyuma yake.

Na unajua watu wengine wanavyokuja wakitajwa? Meneja huyo hapo, mwanzo wa korido, viatu vinalia, simu sikioni. Mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka lina kona.

"Afande, kuna tatizo?"

"Tunaomba utufungulie hapa."

"Hapo sina ufunguo. Kufuli hilo silijui."

"Jengo unalisimamia wewe, na kufuli hulijui?"

"Wapangaji wanaweka vitu vyao popote. Si ndiyo shida yenyewe? Wanapangishana, wanauziana, wanahamishiana mpaka hujui nani ni nani. Mkataba unasema waombe kibali. Nani ameshawahi kuomba?"

"Na wakiomba?"

"Tunakataa."

"Ndiyo maana hawaombi," Inspekta alisema. "Koplo."

Koplo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alitoa bisibisi kubwa mfukoni mwa fundi simu, bila hata kuomba, akafungua komeo lenyewe kwenye mbao iliyooza. Mlango ukafunguka.

Zilikuwepo! Zote sita, vichwa na meza zake, zimegeuzwa uso ukutani kama watoto waliotiwa adabu.

Mama Cherehani alipiga ukelele wa furaha, akasahau magoti. Akaifikia ya kwanza, akaipapasa mgongoni, akazungusha gurudumu. "Nzima! Jamani, nzima! Meneja, umeona? Nimeibiwa! Umeona kwa macho yako!" Akainamia sindano.

Mkono ukaliachia gurudumu.

Akaenda ya pili, akainama. Ya tatu. Inspekta alimtazama mgongo ukizidi kupinda kila cherehani, mpaka alipofika ya sita furaha yote ilikuwa imemwagika njiani.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Hazijaharibika. Basi."

Inspekta aliinama mwenyewe. Chini ya ule mguu mdogo wa chuma unaokandamiza nguo, palikuwa na kipande cha kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kimebanwa vizuri. Na kwenye ya pili pia. Na zote.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya... cherehani ikilala, chuma kisikae juu ya chuma. Mguu ukikaa juu ya yale meno ya chini, yanakwisha. Unaweka kitambaa."

"Uliviweka wewe jana?"

Angeweza kusema ndiyo. Inspekta aliona kabisa neno lile likimfika mdomoni. Lakini uso wa Mama Cherehani ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mkono anaoujua.

"Mimi siviweki siku hizi. Mgongo hauinami. Nazima taa, naondoka."

"Meneja anajua jambo hili?"

"Atalijulia wapi?"

"Fundi simu?"

"Huyo hajui hata sindano inaingilia wapi."

"Sasa nani anajua, mama?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu maisha yake yote alikuwa anashona nguo.

"Mafundi wote waliopita kwangu walikuwa wavivu wa hilo," alisema mwishowe. "Mtu mmoja tu ndiye aliyelishika. Nilimfundisha akiwa bado haufikii ubao wa meza, namsimamisha juu ya ndoo. Kabla hajaniambia mikono yake inapenda nywele." Hakugeuka nyuma. "Zilihamishwa na mtu anayezipenda, afande. Kaniibia kwa adabu niliyomfundisha mimi."

Korido nzima ikamtazama msusi.

"Wewe na cherehani wapi na wapi," Inspekta alisema kwa upole. "Pole, mdogo wangu."

Koplo akashika pingu.

"Nimeiba nini?" Sauti ya msusi haikupanda. "Nimezitoa chumba kile, nimezileta chumba hiki. Ziko jengo lile lile. Nilizikokota moja moja, na zulia la saluni chini ili zisikwaruzike. Mwizi anafanya hivyo?"

"Nani alikupa ufunguo wa hapa?"

Msusi alimtazama Meneja. Alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenzake asimame naye.

"Usinitazame mimi, dada," Meneja alisema. "Mimi na wewe tunajuana wapi?"

"Ulinipa kufuli na ufunguo mkononi! Ulisema akikuta hakuna cherehani, mzee mwenyewe atavunja mkataba, na wa kwanza kuandikiwa ni mimi. Jina langu. Ulisema!"

"Mbele ya nani?"

Msusi aliingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo mpya, akampa Inspekta. Inspekta aliuangalia, akaufunga kiganjani.

"Wewe usiende mbali, Meneja."

"Naenda wapi? Hii ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo Mama Cherehani alipogeuka. Aligeuka taratibu, amejishikiza kwenye meza.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Unaniuliza mimi?" Sasa sauti ilipasuka. "Muulize mteja wako wa suti, mama! Yule wa duka la dawa. Kaja mara ngapi kupimwa? Suti yake iko wapi? Kitambaa alichagua kipi?"

Mama Cherehani alishika uzi wa miwani yake.

"Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu, nakuona kwenye kioo. Tepu yako hukuiweka kwenye bega lake. Uliiweka ukutani. Ulipima mlango. Ukapima kona yangu, kiti changu nimekisimamia hapo hapo, ukamwambia kwa sauti ndogo, hapa friji ya dawa itaenea. Friji ya dawa, mama! Mimi nimesimama hapo!"

Fundi simu aligeuka. "Bi mkubwa? Ulikuwa unauza fremu?"

"Kuuza nani anauza? Fremu si yangu. Ningemhamishia. Angenipa kilemba changu, kile anachopewa anayetoka ampishe anayeingia, kama wanavyofanya wote mtaa huu."

"Na ruhusa?" Meneja aliuliza, masikio yamemsimama.

"Angevaa tepu kama wenzake," Mama Cherehani alisema, na kama isingekuwa siku ile watu wangecheka. Akamgeukia fundi simu. "Magoti yamekwisha, baba. Nilitaka nikapumzike ningali natembea. Ningewaambia."

"Lini?"

Alifikiri. Na hili Inspekta alimheshimia, kwamba hakutafuta jibu zuri.

"Nikishapokea."

Fundi simu alivua tepu yake shingoni. Alikuwa ameisahau pale tangu asubuhi. Akaizungusha vizuri, akaiweka juu ya cherehani ya karibu, akarudi zake dukani kwenye simu zake bila neno.

"Nimekaa kwenye kona ile tangu nimeacha ndoo," msusi alisema. "Wateja wangu wako pale. Jina langu liko pale. Ungeniambia tu: mwanangu, naondoka, tafuta kilemba, nakupa nafasi ya kwanza."

"Ungekitoa wapi?"

"Hukuniuliza, mama."

"Ndiyo, lakini ungekitoa wapi?"

"Hukuniuliza!"



Meneja alitazama simu yake. "Afande, mzee anasubiri nimpigie. Niambie kitu kimoja tu nimpelekee. Zimeibwa, hazikuibwa?"

Inspekta hakumjibu. Alimsogelea Mama Cherehani mpaka wakawa wao wawili tu, na sauti yake ikawa ile ya kulaza mtoto.

"Mama, sikiliza vizuri, kwa sababu nitaandika utakachosema na sitakifuta. Ukisema umeibiwa, huyu naondoka naye sasa hivi. Ufunguo huu unanifikisha kwa Meneja pia, na duka linabaki lako, pamoja na kilemba chako ukipata ruhusa. Ukisema vingine, mimi sina kesi. Ufunguo bila mlalamikaji ni chuma tu. Na wewe huna duka."

"Na yeye?"

"Yeye anakwenda zake."

Mama Cherehani alimtazama msusi kwa muda mrefu. Msusi alikuwa amesimama wima, machozi yanateremka, hayafuti. Koplo alishika pingu, akaziachia, akazishika tena, hajui mikono aiweke wapi.

"Andika," Mama Cherehani alisema.

Inspekta akatoa kalamu.

"Hakuna wizi. Nilimtuma mimi. Nilimwambia azihamishie huku, akazihamisha."

Meneja alishusha pumzi kwa nguvu, akaanza kubonyeza simu.

"Mama," Inspekta alisema, "unajua unachokitoa?"

"Najua. Si nilikipima mwenyewe?"

Msusi alipiga hatua mbele, mikono imenyooka. "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe, sikujua kama..."

"Baki hapo hapo." Hakupaza sauti. "Sijakusamehe. Nilikuuza bila kukwambia. Hilo lilikuwa deni, na leo nimelilipa mbele ya polisi, kwa duka langu lote. Nawe uliniuza kwa huyu mwenye shati. Lako ukalilipe unakojua. Mimi na wewe tumemalizana, usinidai tena umama."

Akainua mkono. "Koplo, mwanangu, nishikie. Magoti haya."

Koplo alimshika. Wakaanza kuondoka kwenye korido ile, pole pole, mkubwa na mdogo. Nyuma yao Meneja alikuwa ameshapata laini: "Ndiyo mzee, limeachiwa. Nimethibitisha mwenyewe. Ndiyo, yule wa duka la dawa namba yake ninayo, nampigia sasa hivi."

Inspekta alisikia. Msusi naye alisikia. Ulipita muda kidogo kabla halijamwingia kwamba wa kuandikiwa si yeye, halafu Inspekta akaona rangi ikimtoka usoni. Kisha msichana akageuka, akamkimbilia yule aliyekuwa anaondoka, akasimama katikati ya korido kama aliyefika ukingoni.

"Mama!"

Mwanamke yeyote akiitwa hivyo hugeuka, hata kama mtoto si wake. Kwenye mlango wa bati mteja mmoja wa saluni, aliyekuwa amekuja kuulizia kama kumefunguliwa, aligeuka. Inspekta mwenyewe, ambaye hajawahi kuzaa, aligeuka.

Mama Cherehani aliendelea kutembea.